Usitikisike

Kifuniko cha ndoo ya rangi, matundu matatu, waya wa antena ya zamani:
nikakining'iniza kwenye mstafeli, nyuma ya nyumba, Segerea,
juu yake nusu papai la jana, limelegea upande mmoja.
Mama Shukrani akachungulia ukutani: "Unamtegea nani?"
Simtegei mtu, nikasema. Nakaribisha.

Wa kwanza kufika, kunguru. Nani mwingine?
Kunguru wa Dar hangoji karibu, yeye anajua hodi ni kelele.
Watatu wakaligawana papai kama mirathi,
kila mmoja na wakili wake.
Nikawapiga. Picha zikatoka safi,
unyoya kwa unyoya, jicho kali,
picha ambazo hakuna aliyeziagiza.

Miaka ishirini na miwili nilisimama nyuma ya kamera
pale Tabata Bima, chumba kimoja, pazia la buluu mpauko,
picha nne kwa dakika kumi.
Nimewapiga waliokwenda Muscat, waliokwenda Guangzhou,
wajane wa kufuatilia mafao, vijana wa leseni,
na wote niliwaambia yaleyale:
Inua kidevu. Usicheke. Usitikisike.
Wakatii. Hata walionuna walitii.
Kisha simu zikajifunza kazi yangu.
Nikafunga mlango, nikarudi nyumbani na kamera, na pazia,
na maneno yasiyo na wa kuambiwa.

Kipupwe, Jumanne, maji ya bomba yametoka nami nakinga,
kitu cha manjano kikapita pembeni mwa jicho.
Si manjano ya mnana, hayo nayajua.
Haya ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji,
mdomo mwekundu,
na wanja umevutwa kutoka mdomoni hadi nyuma ya jicho
kama bibi harusi aliyepambwa na shangazi mwenye haraka.
Akatoa sauti mara moja,
maji yakigugumia shingoni mwa chupa.

Ndoo ikafurika. Nikaacha ifurike.

Chambuso alikuja kuazima spana.
Aliwahi kulinda msitu kule Pugu, mpaka goti likamkataa.
Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera: ukungu, jani, mkia.
Akavaa miwani, akaivua, akavaa tena.
"Kubwiro," akasema, kama anayetaja shemeji.
"Huyu hakai chini. Wa juu kwa juu."
Akachukua spana, akaenda zake.

Kubwiro.
Nikalisema jina peke yangu jikoni, nikimkatia papai.

Siku kumi na moja nimejibanza nyuma ya kanga zilizoanikwa,
lenzi imechungulia kati ya vibanio,
mguu wa kushoto umekufa ganzi.
Picha mia mbili na sitini:
tawi ambalo limetoka kutikisika sasa hivi,
robo ya bawa,
mkia unaotoka nje ya fremu
kama mteja aliyesikia bei.
Papai lenye tundu jipya, bichi bado kwa mate.
Na nyuma ya kila picha, mbingu, buluu mpauko,
ileile ya pazia langu,
imenyooshwa bila kunyanzi.

Leo akatua.
Nikanong'ona kwa mazoea: Inua kidevu.
Akainua.
Usicheke.
Jicho jekundu likanielekea, sekunde nzima, labda mbili,
uso wote kwenye lenzi, mwanga sawa mashavu yote mawili,
picha ambayo dirisha lolote la ofisi lingeipokea.

Kidole changu,
hiki nilichokiamini miaka ishirini na miwili,
kikatikisika.

Nimeisafisha hivyohivyo, na ukungu wake.
Nakala nne, kama kawaida.
Moja nimempa Chambuso aliporudisha spana,
akaigeuza juu chini, akaiangalia,
akaiweka mfukoni.